Karatasi za Mali Mpakani

(Maneno haya yalisemwa Rutshuru mbele ya wafanya kazi wa migodi, wachuuzi na watu wa mji. Tunayachapa kwa ajili ya wale wasiokuwapo.)



Leo hatukuja kusema habari ya vyeo wala ya viti. Tumekuja kusema habari ya karatasi. Labda wengine watacheka na kusema: karatasi ni kazi ya makarani, sisi wachimbaji tunashika nyundo na sururu, mambo ya duane yatuhusu nini? Sikieni kwanza, kisha mcheke.

Chumvi unayotia katika mboga, sabuni anayofulia mke wako, saruji na mabati ya nyumba unayojenga polepole, betri za taa unayoingia nayo shimoni: vitu hivi vingi vimevuka mpaka kabla ya kufika mkononi mwako. Na kila kitu kilichovuka mpaka, kimevuka pamoja na karatasi, au kimevuka kwa kujificha. Gharama ya karatasi hizo, na gharama ya kujificha pia, imo ndani ya bei unayolipa sokoni Kiwanja. Mchuuzi hawezi kuimeza peke yake. Akitoa franka 5,000 mpakani, kwa haki au kwa dhuluma, atazitafuta franka hizo katika mfuko wako. Basi mshahara wako unapunguzwa mahali ambapo wewe hukusimama wala hukuulizwa neno. Ndiyo sababu twasema kwamba habari ya karatasi ni habari ya wafanya kazi wote.

MILANGO YETU NI MINGI

Nchi yetu ya Kongo ina jirani tisa. Hapa kwetu Rutshuru tuna mlango wa Bunagana, unaotazama Kisoro katika Uganda. Tuna Ishasha upande wa kaskazini. Tuna na Kitagoma. Ukishuka barabara ya taifa namba 2, kilomita 70 hivi, unafika Goma, na huko iko bariyeri mbili za kwenda Gisenyi katika Rwanda: ile kubwa ya magari, na ile ndogo ambako watu wa miguu wanapita kama siafu tangu asubuhi, wakichukua maharagwe, nyanya, maziwa na unga.

Mali nyingi za viwandani zinatoka mbali zaidi. Zinashuka kwa meli katika bandari ya Mombasa, zinapanda juu ya kamyo, zinapita Nairobi na Malaba, zinafika Kampala, nazo zimekwisha kwenda zaidi ya kilomita 1,100. Toka hapo zinapita Mbarara na Kabale, zinazunguka milima ya Kisoro, ndipo zinafika Bunagana. Katika safari hiyo mzigo unapita mikono ya watu wengi wasiojuana. Mtu wa Mombasa hamjui mtu wa Rutshuru. Kinachowaunganisha ni karatasi tu. Karatasi ndiyo inayosema: mzigo huu ni wa fulani, ni kitu fulani, uzito wake kadha wa kadha, unakwenda mahali fulani. Mzigo usio na karatasi ni kama mtoto aliyepotea sokoni: kila mtu anaweza kumshika mkono na kusema ni wangu.

WAZEE WETU WALIOGOPA KARATASI, NA WALIKUWA NA SABABU

Tusiwalaumu wazee wakitazama karatasi kwa jicho baya. Mwaka 1885, huko Berlin, mataifa makubwa yaliandikiana mkataba kwamba mali inayoingia katika bonde la Kongo isitozwe ushuru wa kuingia. Mwaka 1890, huko Brussels, wakaandikiana tena kwamba ushuru uruhusiwe, lakini usipite asilimia 10. Mambo yote mawili yalihusu nchi yetu na mali yetu, lakini mezani hapakuwa na mtu wa Kongo hata mmoja. Baadaye, wakati wa Wabeljiki, mzee alitakiwa kuwa na buku lake la kujitambulisha, na ruhusa ya kutoka katika eneo lake kwenda eneo lingine. Karatasi ilikuwa kamba ya kufungia mtu.

Lakini sasa twasema hivi: kamba ileile inayofunga mbuzi yaweza kuteka maji kisimani. Ni shauri la nani ameishika. Mtu asiyejua karatasi zake anafungwa nazo. Mtu anayezijua anajikinga nazo. Wazee wa pwani walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo ni la kweli Mombasa, na ni la kweli Bunagana.

MALI INA BUKU LAKE

Basi tuzihesabu karatasi hizo moja moja, ili mtu asitutishe kwa majina ya Kifaransa.

Ya kwanza ni faktire, yaani karatasi ya muuzaji. Inasema nani ameuza, nani amenunua, kitu gani, ngapi, na bei gani. Hii ndiyo mama wa karatasi zote, kwa maana ushuru unahesabiwa juu ya thamani ya mali. Ukikosa faktire, mtu wa duane atakadiria thamani yeye mwenyewe, na makadirio yake mara chache yatakuwa chini ya bei uliyolipa. Kwa hiyo, ukinunua Kampala au Kisoro, usione haya kuomba faktire yenye jina na kashe ya duka. Sekunde kumi za kuomba zaokoa siku mbili za kubishana.

Ya pili ni orodha ya mizigo: katoni ngapi, magunia mangapi, kila moja lina nini na uzito gani. Orodha hii na faktire sharti zisemezane. Faktire ikisema magunia 100 na orodha ikisema 110, umempa mwenye kutaka hongo mlango wa kuingilia.

Ya tatu ni karatasi ya safari. Kwa meli ni ile ya mwenye meli. Kwa barabara ni barua ya gari inayotolewa na mwenye kamyo. Mali iliyotoka Mombasa na kupita Kenya na Uganda bila kuuzwa huko ina tena karatasi ya kupita, inayoitwa T1, ili nchi zile zijue kwamba mzigo haukubaki kwao. Na gari lenyewe liwe na bima. Katika nchi nyingi za COMESA iko bima ya pamoja inayoitwa Karta ya Manjano.

Ya nne ni cheti cha asili. Hapa wengi wanakosea, kwa hiyo tutarudi hapo baada ya kitambo.

Ya tano ni cheti cha afya, kwa vitu vyenye uhai au vinavyotoka katika uhai: mbegu, miche, matunda, nyama, mifugo. Kinatolewa na wataalamu wa kilimo au wa mifugo wa nchi mali ilikotoka. Msiseme ni usumbufu tu. Ugonjwa wa migomba haulipi ushuru. Ukiingia katika shamba la Rutshuru pamoja na mche mmoja mgonjwa, utalipwa na watoto wetu kwa njaa.

Ya sita ni za wafanya biashara wakubwa: ruhusa ya kuingiza mali inayoandikishwa kwa njia ya benki, na cheti cha ukaguzi uliofanywa kabla mali haijasafirishwa. Mchuuzi mwenye kikapu haulizwi hizo. Mtu akimdai mama mwenye madebe mawili ya unga ruhusa ya benki, mjue kwamba anamdhihaki.

Ya saba ni deklaresheni ya duane yenyewe. Kwa mali inayoingia ili itumiwe hapa nchini, alama yake ni IM4. Mara nyingi inaandikwa na wakala aliyepewa ruhusa, yule tunayemwita deklara, naye anaitia katika kompyuta, katika programu inayoitwa Sydonia. Mwenye mali asimwachie deklara kila kitu. Aombe nakala. Deklara ni mtumishi wako. Unamlipa ili aandike ukweli wako, si ili akufiche habari zako.

ASILI SI NJIA

Sasa turudi kwenye cheti cha asili. Wachimbaji mtalielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Wengi wenu mmeona magunia ya koltani au ya kasiterite yakitiwa etiketi, ili ijulikane yametoka shimo gani. Gunia likipita Goma, halikuwa gunia la Goma; bado ni gunia la shimo lake. Mali ya dukani nayo ni hivyohivyo. Saruji iliyotengenezwa Hima, karibu na Kasese, asili yake ni Uganda. Lakini kitambaa kilichofumwa China, hata kikikaa mwaka mzima katika duka la Kampala, hakikugeuka kuwa cha Uganda. Kimepita tu.

Faida yake ni nini? Kongo na Uganda zote mbili ni nchi za COMESA, umoja wa biashara ulioanza mwaka 1994. Mali iliyozaliwa katika nchi za umoja yaweza kupata ushuru mdogo, ama kusamehewa, ikiwa na cheti cha asili. Mali ya China iliyopita Kampala haipati neema hiyo. Mchuuzi asiyejua tofauti hii anapata hasara mbili: saruji yake ya Hima inatozwa kama ya mbali kwa sababu hakuomba cheti, na kitambaa chake cha China kinakamatwa kwa sababu alidanganywa kwamba ni cha Uganda.

HESABU ISIYOFICHWA

Watu wanasema ushuru ni kama mvua, hakuna anayejua kiasi chake. Si kweli. Sheria ya duane ya tarehe 20 Agosti 2010 imeandikwa, na tarifa imeandikwa. Ushuru wa kuingiza mali ni asilimia 5, au 10, au 20, kwa kadiri ya aina ya mali. Tena iko kodi inayoitwa TVA, iliyoanza tarehe 1 Januari 2012, nayo ni asilimia 16.

Tufanye mfano, pamoja na watoto wa shule walio hapa. Tuseme mali imefika mpakani, na thamani yake pamoja na usafiri na bima ni dola 1,000. Tuseme iko katika daraja la asilimia 10. Ushuru ni dola 100. Sasa TVA inahesabiwa juu ya dola 1,000 pamoja na zile 100, yaani 1,100. Asilimia 16 yake ni dola 176. Jumla ya viwili hivyo ni dola 276. Juu yake yako malipo ya ukaguzi na ya kazi za wengine, na kila moja lina jina lake. Lakini mtu akija na kusema “leta dola 450, tumalize,” wewe unaweza kumwuliza: mia mbili na sabini na sita tumeziona, hizi nyingine zinaitwaje? Swali hilo dogo ni silaha kuliko fimbo.

Utaratibu wa kulipa nao unajulikana. Kwanza duane inatoa hati ya hesabu, inayoonyesha kila kodi na kiasi chake. Kisha unalipa benki, au mahali palipowekwa. Kisha unapewa kitansi. Kisha inatoka ruhusa ya kuchukua mali. Hesabu, malipo, kitansi, ruhusa: mambo manne kwa mfuatano. Mtu akitaka kuanza na malipo kabla ya hesabu, ameupindua utaratibu. Na mtu akitaka malipo bila kitansi, feza hiyo haikwenda kwa Leta. Haitajenga barabara ya Bunagana, haitamlipa mwalimu. Imekwenda mfukoni, na wewe umeilipa katika bei ya sabuni.

NI WANNE TU

Tena jambo lingine. Mpakani unakuta meza nyingi. Mwenye kofia huyu anataka kidogo, mwenye kitabu yule anataka kidogo, kijana mwenye kamba amefunga njia naye anataka kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho kinajazwa na sisi.

Lakini dekreti namba 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002 ilitaja idara zilizo na ruhusa ya kufanya kazi mpakani, nazo ni nne tu. Ya kwanza ni duane, iliyoitwa OFIDA zamani, ikageuzwa kuwa DGDA mwaka 2009. Kazi yake ni ushuru. Ya pili ni OCC, iliyoanzishwa mwaka 1974. Kazi yake ni kukagua ubora na wingi wa mali. Ya tatu ni DGM. Kazi yake ni watu, si magunia. Ya nne ni idara ya usafi na karantini. Kazi yake ni afya. Hesabuni kwa vidole vya mkono mmoja, na kidole kimoja kitabaki. Kidole kile kinachobaki ndicho cha kumwonyesha mtu wa tano na kumwuliza: wewe umetumwa na sheria gani?

Tunasema hivi bila kuwatukana watumishi wa Leta. Wako wenye kufanya kazi yao kwa uaminifu, katika baridi na mvua, na mara nyingine bila mshahara kwa wakati. Mtumishi mwaminifu hakasiriki akiombwa kitansi. Anayekasirika, amejionyesha mwenyewe.

MAMA WENYE VIKAPU

Katika mpaka wetu, biashara kubwa ya kila siku imo vichwani mwa mama zetu na juu ya chukudu za vijana wetu. Kamyo moja inaonekana, vikapu elfu havionekani. Lakini vikapu ndivyo vinavyolisha mji.

Kwa wachuuzi wadogo COMESA imeweka utaratibu mwepesi. Una mambo matatu: orodha ya vitu ambavyo nchi mbili zimekubaliana, deklaresheni fupi ya ukurasa mmoja, na cheti cha asili kilichorahisishwa, kinachotolewa mpakani penyewe. Mwanzoni thamani ya mzigo isipite dola 500. Baadaye kiasi kikapandishwa kuwa dola 1,000. Kitu kikiwa katika orodha, na thamani yake ikiwa chini ya kiasi hicho, ushuru wa kuingiza unasamehewa. Malipo mengine madogo yaweza kubaki, lakini si ushuru.

Lakini orodha si moja kwa mipaka yote, kwa maana kila nchi mbili zinakubaliana zao. Basi shauri letu ni rahisi: kabla ya kununua, uliza orodha iliyobandikwa. Kama haikubandikwa, omba ibandikwe. Mama mmoja akiomba, atafukuzwa. Mama ishirini wakiomba pamoja, wakiwa na barua moja yenye sahihi zao, watasikilizwa. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kulipa miaka kumi bila kujua unalipa nini.

MFANO WA KISIWA

Mwingine atasema: haya yote ni shida ya nchi maskini iliyo mbali na bahari. Basi tuangalie watu walio katikati ya bahari.

Iko nchi ndogo ya kisiwa inayoitwa Mauritius, katika Bahari ya Hindi, yenye watu kama milioni moja na robo. Naye ni mwanachama wa COMESA pamoja nasi. Kisiwa kile hakina jirani wa kuazima chumvi. Mchele, ngano, mafuta ya gari, dawa, karibu vyote vinakuja kwa meli. Karatasi zikichelewa siku kumi bandarini, watu wote wa kisiwa wanachelewa siku kumi. Kwa sababu hiyo watu wa Mauritius hawakuweza kuzichezea karatasi. Faktire wanazo, cheti cha asili wanacho, cheti cha afya wanacho, deklaresheni wanayo. Na kwa vitu vingine, kama dawa, ruhusa ya pekee inatakiwa. Karatasi zao hazikuwa chache kuliko zetu.

Walifanya nini? Mwaka 1994 walianza njia ya kompyuta inayoitwa TradeNet. Deklara anaandika katika biro yake, karatasi inafika duane kwa waya, na jibu linarudi kwa waya. Kisiwa kingine, Singapore, kilikuwa kimeanza mwaka 1989. Karatasi zilizokuwa zikitembea kwa siku kadhaa kutoka meza hadi meza zikaanza kwenda kwa dakika. Na angalieni faida kubwa zaidi: pale ambapo karatasi haibebwi mkononi kutoka meza hadi meza, meza ya kuombea hongo inapungua.

Kongo nayo ilianza kujenga dirisha moja la biashara ya nje, ambalo Wafaransa wanaliita guichet unique. Njia yenyewe ni nzuri. Lakini kisiwa kina mlango mmoja mkubwa, yaani bandari yake. Sisi tuna milango mingi, na kila kilima kina njia yake ya panya. Kompyuta ya Kinshasa haitaona njia ya panya ya Kitagoma. Itakayoiona ni macho ya watu wa hapa. Kwa hiyo elimu ya karatasi kwetu sharti ienee kwa watu wengi zaidi kuliko kisiwani.

KARATASI WAKATI WA VITA

Hatuwezi kumaliza bila kutaja jambo ambalo kila mmoja analo moyoni. Tarehe 13 Juni 2022 M23 waliteka Bunagana. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule waliteka Rutshuru na Kiwanja, na mwisho wa Januari 2025 wakaingia Goma. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika katika ripoti zao kwamba mizigo ilitozwa huko mpakani na wale walioshika bariyeri. Na mwaka uleule wa 2022, tarehe 11 Julai, Kongo ilikamilisha kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ndiyo kusema, mlango ulifunguliwa katika maandiko wakati ulipokuwa umeshikwa kwa bunduki.

Hapa hatusemi habari ya majeshi. Twasema habari ya mchuuzi. Katika nchi iliyogawanyika, yeye anaweza kulipa mara mbili. Analipa penye bariyeri ya kwanza. Halafu, mali ikifika mahali pa utawala mwingine, anaulizwa: iko wapi deklaresheni ya DGDA? Hana, kwa maana pale alipopita DGDA haikuwapo. Analipa tena. Na wewe mfanya kazi unalipa mara ya tatu, dukani, kwa kuwa bei imechukua malipo yote mawili pamoja na woga wa njiani.

Katika hali hiyo, mchuuzi afanye nini? Atunze kila kipande cha karatasi, hata kile asichokiamini. Faktire ya muuzaji ina nguvu popote, kwa maana haikutolewa na mwenye bunduki. Imetolewa na mwenye duka. Cheti cha asili ni hivyohivyo. Karatasi hizo zitamsaidia kuonyesha thamani ya kweli ya mali yake, na siku ya amani zitamsaidia kusema: haya ndiyo niliyolipa, na hawa ndio walionilipisha. Bariyeri zinahama. Mtu aliyeandika ana ushahidi, na mtu asiyeandika ana huzuni tu.

TUFANYE NINI?

Ndugu, maneno bila kazi ni kelele. Twaleta mashauri manne, na kila moja linawezekana kwa watu wa hapa, bila kungoja mtu wa mbali.

Moja. Wachuuzi wa soko moja wachague karani mmoja anayejua kusoma Kifaransa na Kiingereza, maana faktire za Kampala zinaandikwa kwa Kiingereza na deklaresheni ya duane kwa Kifaransa, na hongo hukaa katikati ya lugha hizo mbili. Kila mchuuzi atoe kidogo kwa mwezi, karani apate posho yake. Ni rahisi kuliko hongo ya siku moja.

Mbili. Kila mwenye kuvuka awe na daftari. Aandike tarehe, mahali, kitu, alicholipa, alimlipa nani, na kama alipewa kitansi au hakupewa. Daftari moja ni malalamiko ya mtu mmoja. Daftari mia moja ni ushahidi wa mji mzima. Sheria ya mwaka 2010 inampa mwenye mali haki ya kupinga uamuzi wa duane. Lakini mtu anapinga kwa maandiko, hapingi kwa machozi.

Tatu. Anayeweza kununua kwa pamoja, anunue kwa pamoja. Wachimbaji wa kambi moja wakihitaji mabati, waagize mara moja kwa faktire moja na deklaresheni moja. Gharama za safari na za karatasi zitagawanyika juu ya watu wengi.

Nne, na hili ndilo kubwa. Sisi wanunuzi tusimcheke mchuuzi anayeomba kitansi, wala tusimwite mbishi. Tukimsikia akibishana kwa haki, tusimame karibu naye. Yeye anapigania feza yake, na katika feza yake imo yetu. Yule anayevuka kwa njia ya panya kwa ajili ya bei ndogo ya leo anatuonyesha huruma ya uongo. Mali yake ikikamatwa kesho duka lake litafungwa, na aliyebaki peke yake sokoni ataweka bei anayotaka.

Wako watakaosema kwamba watu wadogo hawawezi kitu mbele ya meza ya mpakani. Lakini meza ile inasimama juu ya miguu miwili: ujinga wetu na ukimya wetu. Tukiujua utaratibu, mguu mmoja umekatwa. Tukisema pamoja, umekatwa wa pili.

Nendeni salama. Mchukue maneno haya majumbani, mkawasomee wasiojua kusoma. Na kesho mama wa soko akivuka mpaka, aulize kwa sauti ya upole na bila woga: hesabu iko wapi, na kitansi changu kiko wapi?